Ruweida Awafungulia Mlango Waliokuja Kumlilia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naona haya peke yangu, nikiwa jikoni nasonga ugali na hakuna anayenitazama.

Usicheke. Najua sina mvi, na mimi na mamako huenda tumepishana miaka michache tu. Lakini katika jambo lolote, mkubwa ni yule aliyetangulia kulikosea. Hili mimi nimekutangulia. Kwa vile nimekuona na kamera shingoni, na kwa vile nimeuona mwendo wako wa haraka, kaa hapa kidogo nikuusie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Shule niliiacha kidato cha pili, ila ndoto sikuziacha huko, nilitoka nazo. Nilikuwa nikifanya kazi katika duka la picha Ndia Kuu, chumba chembamba hata mteja akiinua kiwiko anagonga ukuta. Kazi yetu ilikuwa picha za pasipoti: kaa wima, usicheke, haya ondoka, mwengine. Ijumaa baada ya swala mwenye duka alikuwa akiniachia kamera niende nayo nyumbani, nami nikiivaa tu najiona Mombasa yote ni yangu.

Mwezi huo zikaja habari kwamba ukumbi mmoja wa Mji wa Kale utatundika picha za vijana, kila mmoja picha moja. Moja tu! Na uso wa kuupiga picha nilikuwa nishaujua.

Nyumba tuliyokaa Kuze, sisi tulikuwa chini. Juu akikaa Bi Mwanakombo na bintiye Amina, na mtoto wa Amina, Ruweida, wa miaka kumi na mitano. Huyo Ruweida alikuwa na nyusi zilizokaribia kukutana, na macho yanayokutazama kama yanakusahihisha. Si uso wa kupamba kalenda. Ni uso wa kumfanya mtu asimame.

Lakini yeye na kamera walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na sababu alikuwa nayo. Katika harusi ya binamu yake, kuna mtu alimpiga picha amejaza biriani mdomoni, jicho moja wazi, jingine limefumba. Wenzake wakaigeuza stika ya simu, ikatembea ukoo mzima. Mtu akishiba, anatuma uso wa Ruweida. Mtu akikopwa, uso wa Ruweida. Hata mjomba aliye Arabuni aliutuma, siku ya Idi! Tangu hapo ukitoa simu tu, yeye ashavuta ushungi.

Nilimbembeleza wiki mbili, kwa maneno na kwa viazi karai.

“Dada Tima, wewe huchoki?”

“Sichoki. Picha moja tu, mamangu.”

“Hata ile ya biriani ilikuwa moja tu.”

Mwishowe akakubali, kwa sharti. Akainua kidole kama mwalimu wa madrasa. “Asione mtu kabla yangu. Si nyanya, si mama, si paka. Mimi kwanza. Nikisema futa, wafuta.”

“Wallahi,” nikamwambia.

Neno hilo, mwanangu, mdomoni ni jepesi. Uzito wake huuhisi baadaye.

Nikamkalisha kando ya dirisha, jua la saa tisa linaingia kwa ubavuni. Akakakamaa kama anayepigwa sindano. Nikamletea ungo wa mchele achague, maana mtu akipewa kazi ya mikono, uso husahau kujilinda. Hiyo hila nakupa bure. Mara akawa ashazama katika mchele wake, nami napiga. Kuna mahali nilijikwaa kwenye mkeka nikaenda na kichwa mbele, tukacheka, kisha nikaendelea. Zikatoka picha kumi na mbili. Na moja katika hizo, mwanangu! Ameinua kichwa ghafla, hajatabasamu wala hajanuna, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua.

Kesho yake nikaketi nayo kwenye kompyuta ya dukani. Rangi ziligombana: ukuta wa kijani, leso ya machungwa, chunusi nyekundu kwenye kidevu. Nikaziondoa rangi zote, ikabaki nyeusi na nyeupe. Wewe wajua, ukiwa huko, ukiinua wekundu chunusi zinayeyuka, na ukiushusha zinatoka kama pilipili manga. Nikauinua. Nikalitia giza ukutani, nikaacha mwanga shavuni peke yake. Mimi mwenyewe nilisimama nikazunguka kiti.

Hapo ndipo pupa iliponishika. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nilifunzwa tangu mdogo, ila wazee hawakuniambia kwamba pupa huja imevaa nguo za furaha. Nilitaka kujua watu watasemaje kabla sijaipeleka ukumbini. Nikaibandika kwenye stetasi ya simu yangu, bila neno hata moja, kwa kuona neno litaiharibu. Dakika kumi tu, nikajiambia, kisha naitoa, wala Ruweida hatajua. Nikaiweka simu kwenye chaji. Mara ikaingia familia nzima ya watu tisa wanaotaka picha za safari ya umra, na mtoto wao mdogo hakubali kukaa wima.

Nilipoishika tena simu, saa nzima ilikuwa ishapita.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ujumbe wa kwanza ulikuwa huo, na wa pili, na wa tano. Mteja wangu mmoja wa kazi za reli, Mkristo wa bara, aliandika: “Pole sana Tima, Mungu ailaze roho yake pema. Aliugua?” Mwengine: “Jana tu nimemuona ananunua sabuni!” Mwengine, mtu wa vitendo: “Anazikwa Alasiri au Magharibi?”

Mwanangu, hili nilikuwa nalijua kama ulijuavyo wewe. Mtu aliye hai humuweka na rangi zake, na mioyo, na maua. Uso ukiwekwa mweusi na mweupe, peke yake, kimya, hapa kwetu watu hawaulizi. Wanatafuta leso ya msibani. Nilijua, ila macho yangu yalikuwa yamejaa picha, hayakubaki na nafasi ya watu.

Nikalikunja buibui mkononi nikakimbia hadi Kuze.

Nikakuta wanawake watano mlangoni kwetu, mbele yao Bi Saumu wa mahamri, tayari analia. Kabla sijavuta pumzi ya kusema, mlango ukafunguka. Aliyeufungua ni marehemu mwenyewe, mkononi ana kiazi karai.

“Mwataka nani?” akauliza, mdomo umejaa.

Bi Saumu akapiga yowe akamkalia mwenzake aliyekuwa nyuma. Mwengine akaanza Ayatul Kursi kwa sauti.

“Ni wewe?” Bi Saumu akauliza kutoka chini.

“Ni mimi. Kwani?”

“Si umekufa?”

“Kasema nani?”

Vichwa vitano vikageuka vikanitazama mimi.

Kicheko kikanitoka, nisikufiche. Ruweida hakucheka. Mmoja alimpa simu, akauona uso wake. Akautazama weee, kisha akainua macho akaniuliza neno moja tu.

“Wallahi?”

Nikatoa simu, nikaiondoa ile picha kwenye stetasi, nishachelewa.

Ikashuka sauti ya Bi Mwanakombo kutoka juu. “Tima! Ndoo, panda huku.”

Nikapanda. Bi Mwanakombo hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa akikukosoa huku anakunja nguo, na siku hiyo alikuwa anakunja nguo. Akanionyesha ukuta wa sebule yake. Pichani walikuwepo mumewe, ndugu zake wawili, na mwanawe wa kwanza aliyefariki mdogo. Wote weusi na weupe.

“Wawaona hawa?”

“Nawaona, Bi.”

“Hawa hata nikiwatundika kichwa chini hawana la kusema. Wamekwisha, ni juu yetu kuwahifadhi. Lakini yule mwana ana ulimi, na aliutumia. Alikwambia asione mtu. Wewe ukampita kana kwamba hakusema kitu. Sasa hawa wanawake wa watu wana kosa gani? Wewe ndiwe wa kwanza kumfanya maiti. Wao wamekuja kuzika tu.”

Akaweka leso aliyokuwa akiikunja. “Na mamake yuko wapi saa hizi?”

Amina alikuwa akishona sare za shule Likoni, na hiyo ndiyo saa yake ya kuvuka. Tukapiga simu yake, haipatikani. Tukapiga tena. Mji wote ulikuwa ushasikia, kwa nini yeye asisikie?

“Naenda kumpokea Feri,” nikasema.

“Naenda mimi,” Ruweida akasema mlangoni. “Ukienda peke yako nani atakuamini? Wewe ndiye uliyeniua.”

Tukapanda tuktuk pamoja. Njia nzima alitazama upande wake.

Feri ilikuwa ishatia nanga, watu wanapanda mteremko kwa kusukumana. Tulimuona Amina katikati yao. Alikuwa hatembei, alikuwa anatembezwa. Mama mmoja wa Kigiriama, asiyemjua kabisa, amemshika kiuno na kumbebea mkoba. Alikuwa ashaambiwa.

“Mama!” Ruweida akaita.

Amina akasimama. Akaja, akaushika ule uso kwa mikono miwili, akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto. Kisha akaitazama miguu ya bintiye.

“Mbona champali haziwiani? Moja buluu, moja nyekundu. Ndivyo unavyotoka nje hivyo, Ruweida?”

Akakaa chini pale pale, na muuza njugu akasogeza sinia lake kumpa nafasi. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote, kwamba kosa ni langu, peke yangu. Sijui kama alinisikia. Alisema tu, “Feri nzima, Tima, nilikuwa najiuliza kama nitaweza kumwosha mwenyewe.”

Yule mama wa Kigiriama alinitazama, akanipa ule mkoba niubebe. Nikaubeba.

Jioni ile niliandika: Ruweida yu hai, alhamdulillahi, kosa ni langu. Bi Mwanakombo akasema maandishi hayatoshi, miguu niliyokimbilia sifa ndiyo niende nayo kuomba radhi. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Bi Saumu alinipokea na mwiko mkononi. “Nimeunguza karai zima la mahamri kwa maiti anayekula viazi!” akasema, kisha akanipa mahamri mawili yasiyoungua, maana watu wetu ndivyo walivyo.

Ukumbini sikupeleka kitu. Siku ya maonyesho ikaja ikapita, nami niko dukani nasema kaa wima, usicheke. Ruweida alikuwa akiniitikia salamu, kwa kuwa salamu ni haki. Zaidi ya hapo, hapana.

Baada ya mwezi na siku kadhaa, alikuja dukani akasimama kizingitini.

“Zile nyengine ziko?”

“Ziko. Sijazigusa.”

“Sogea.”

Akakalia kiti changu. Nikamwonyesha panapotiwa rangi na panapoondolewa. Akazifungua moja moja. Ile niliyoiona kubwa kuliko zote aliirudishia rangi, na chunusi zikarudi kidevuni.

“Hizi zangu, mbona ulizitoa?”

“Nilidhani utapenda.”

“Ungeniuliza.” Akaifuta. Akafuta na nyengine, bila haraka, kama anachagua mchele. Ikabaki moja. Ni ile niliyopiga nikijikwaa: amefumba macho anacheka, mkono umecheza hauonekani vizuri, kamera yenyewe imelala upande. Mwalimu yeyote wa picha angeitupa. Akaiondoa rangi mwenyewe, kwa mkono wake, akaegemea nyuma.

“Hii.”

“Imecheza, mamangu. Mkono ni ukungu mtupu.”

“Najua. Hapo nilikuwa nakucheka wewe.”

“Tumwonyeshe nani?”

Akafikiri. “Mimi. Na wewe, kwa sababu ulikuwepo. Basi.”

Mwanangu, tangu siku hiyo nimewapiga picha maharusi ambao hesabu yao siijui. Wanawake wa mji huu wananiita ndani, mahali ambapo mwanamume haingii na simu hukusanywa mlangoni, na kamera yangu inapita. Unadhani ni kwa ufundi? Mafundi ni wengi. Picha zangu zimetundikwa kumbini pia, na nitatundika nyengine, Mungu akipenda. Bado naota sana. Lakini iliyo bora kuliko zote ni ile iliyocheza, na wewe hutaiona, hata ukiniletea halua ya kilo tano.

Basi nasaha yangu ni hii. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Uso wa mtu ni nyota yake. Wewe na kamera yako ni abiria tu humo. Kijana akikukatalia, usimshinde kwa hila, na akikuwekea sharti, lishike hata pale ambapo hatakujua ukilivunja. Hapo zaidi. Weka rangi, ondoa rangi, huo ni ufundi na Mungu akuzidishie, lakini kabla hujaonyesha mtu, mgeuzie mwenyewe kioo cha kamera kwanza, umuulize, unyamaze ungoje. Akisema futa, futa. Picha nyengine utapata. Kuaminiwa hakupigwi mara ya pili kwa kubonyeza.

Haya, jua la saa tisa linaanza kuingia, nenda kapige. Mola akupe jicho lenye kuona, akupe na mkono wenye kungoja. Akutilie baraka katika ndoto zako zote, kubwa na ndogo. Na uso wako wewe mwenyewe, popote utakapopelekwa, uwe mikononi mwa watu wanaokuuliza. Amin, mwanangu, amin.