Kasha Lisilofunguka

Katika kila duka la kompyuta, Mama Futi aliulizwa swali lile lile kabla hata ya kukaribishwa kiti: mtoto ana umri gani? Duka la kwanza alijibu kwa adabu kwamba hakuna mtoto. La pili alijibu kwa mkato. Alipofika la tatu, uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Kompyuta ni yangu," alisema. "Nataka ya kuchezea gemu, na nitacheza mimi, kwa mikono hii unayoiona."

Muuzaji akaitazama mikono hiyo, ncha za vidole zimechomwachomwa na sindano, kisha akaitazama futi kamba iliyokuwa ikining'inia shingoni mwa mteja wake, ambayo mwenyewe alisahau kuivua alipotoka kazini. Akatabasamu kama mtu anayemliwaza mgonjwa. "Sawa, mama. Na bajeti yako?" Mama Futi akaitaja. Tabasamu likaisha papo hapo.

Jina la Mama Futi alibandikwa na wateja wake. Alikuwa fundi cherehani asiyeamini kipimo cha mtu yeyote ila chake. Hata ukimletea gauni lako la jana likiwa linakukaa sawasawa, atakupima upya. Gemu hakuwahi kucheza hata ya kwenye simu. Kilichomtoa dukani kwake na kumzungusha juani wiki nzima ni mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe baada ya wazazi wao kufariki, na ambaye sasa alikuwa nchi ya mbali akifanya kazi kwenye ghala.

Kijana huyo kwenye simu alikuwa mtihani. Hujambo? Poa. Kazi? Inaenda. Unakula? Nakula, dada. Baada ya hapo ni kimya, mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake mpaka salio linakatika. Mama Futi akikata simu alitamani aifuate hiyo sauti huko huko iliko, amshike mwenyewe masikio.

Lakini alimjua. Tangu utotoni, mdogo wake hakuweza kusema jambo la maana mikono ikiwa mitupu. Siku hizo cherehani ya dada mtu ilikuwa ya mkono, na kazi ya mdogo ilikuwa kuzungusha gurudumu. Gurudumu likizunguka, maneno yanatoka: aliyempiga shuleni, aliyemwogopa, alichokivunja akakificha. Ukisimamisha gurudumu umuulize vizuri, amefunga mdomo. Kwa hiyo aliposema, "Dada, mimi Jumamosi huwa nacheza gemu na wenzangu, mnaongea huku mnacheza, ungekuwa na kompyuta ungekuja," Mama Futi alielewa zaidi ya alichoambiwa. Gurudumu lilikuwa limepatikana.

Jumamosi mbili zilikuwa zimepita akisema bado, bado. Kisha ukaja ujumbe: "Usijisumbue, dada. Jumamosi hii usipokuja nafasi yako wanampa mtu mwingine. Si neno." Hilo "si neno" ndilo lililomkosesha usingizi.

Basi akarudi kumsikiliza muuzaji, ambaye kwa maneno angeweza kumtoa nyoka pangoni.

"Hii ram, kumbukumbu ya kompyuta, ina taa, mama. Inabadilika rangi."

"Inaongeza kasi?"

"Inapendeza."

"Mimi nimeuliza kasi. Taa ninazo nyumbani."

Muuzaji akaleta prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya bei ya chini, akaeleza kwamba hiyo haitoi picha yenyewe, ni lazima isaidiwe na kadi ya picha. Akaleta na madabodi, ile sahani ambayo vyote hupachikwa juu yake. Mama Futi akauliza kama hivyo viwili vinaingiliana. Muuzaji akachungulia, akakohoa, akasema samahani, haviingiliani.

"Kifungo hakilijui tundu lake, na wewe ulishaanza kunifungia kwenye mfuko?"

Alihema kwa hasira mpaka wateja wengine wakageuka. Kadi ya picha alichukua iliyotumika, baada ya kusimama pale hadi ikawashwa mbele ya macho yake. Kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ambako muuzaji alimwambia achukue yoyote kwa sababu haionekani, hapo hakubana hata kidogo. Nguo mbovu huijui kwa nje, alisema, geuza uone bitana. Mwisho akaomba vyote vifungwe, viwekwe na ile gemu ndani, viwashwe pale mezani. Skrini ikawaka vizuri. Muuzaji akamwonyesha waya mmoja mweusi uliotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye kadi ya picha. "Huu ukichomoka, mama, utaona feni zinazunguka na giza tupu."

Kilibaki kitu kimoja tu, kasha la kuviweka, na bajeti ilikuwa imekwisha. Ndipo akafanya kosa la kumshirikisha mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa mageti, na mtaa mzima ulimwita Bwana Geti. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, na mkaidi kuliko chuma alichokichomelea. "Ununue debe la bati na mimi nipo?" aliuliza, ameumia kweli. Akapewa vipimo vyote: urefu wa kadi, kimo cha feni, upana wa madabodi, matundu ya hewa yawe wapi na mangapi. Kwa siku tatu alikata na kuchomelea kwenye karakana yake, na Jumamosi asubuhi akaingia amebeba kasha zito la kijivu, la bati lile lile la mageti, ambalo lingeweza kuhimili risasi. Vipimo havikukosea hata nywele. Mama Futi akapachika vitu vyake ndani, kila kimoja kikakaa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka.

Mchana akaja mteja wa kujaribu gauni, akaenda kumshughulikia chumba cha mbele. Aliporudi, kasha lilikuwa limefunikwa, na mfuniko umepigwa ribiti, ile misumari ya chuma isiyong'oka, pande zote.

"Umefanya nini?"

"Nimefunga," alisema Bwana Geti, akijipangusa jasho kwa fahari. "Kitu kinachofunguka ni kitu kinachoibika."

"Na kikiharibika kitu ndani?"

"Kazi yangu haiharibiki."

Mama Futi akawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki giza tupu.

Akageuka polepole. "Kulikuwa na waya mweusi hapo juu."

"Ule uliokuwa unanyanyua mfuniko?" Bwana Geti akajikuna kisogo. "Niliuchomoa. Mfuniko haukukaa vizuri."

Yaliyotoka kinywani mwa Mama Futi hapo hayafai kuandikwa. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, lakini yeye dume lake lilikuwa limepigiwa ribiti. Mumewe, kwa kutaka kusuluhisha, akaenda akarudi na grinda. Mkewe akasimama mbele ya kasha kama mama mzazi.

"Cheche hizo zikiingia humo, hata kuzimia sizimii, nakufa kabisa! Ananisubiri saa kumi, Bwana Geti. Saa kumi! Unadhani nimezunguka juani wiki nzima nikichekwa na wauzaji kwa sababu napenda kupiga risasi za gemu? Mdogo wangu ana jambo. Sijui ni jambo gani. Huku ndiko atakakolisema, na wewe umeufunga mlango."

Bwana Geti akaitua grinda. Alidhani siku zote hizo ni mchezo, kitu cha kumpumzisha mkewe macho. "Ungeniambia ni shemeji," alisema kwa sauti ndogo, akaenda kuleta tupa.

Akazipiga tupa zile ribiti moja moja kwa mkono, taratibu, bila kubisha. Mama Futi alichukua sumaku yake ya kuokotea pini, akaishika chini ya tupa, na kila unga wa chuma ulioanguka ukanasa hapo kabla haujafika kwenye matundu. Kila kichwa kimoja kilipokwisha alifuta sumaku kwa kitambaa na kusema, "Nyingine." Mfuniko ulipolegea akatumbukiza mkono, akaupapasa ule waya, akauchomeka hadi ukalia, akawasha upya. Skrini ikawaka.

Saa kumi ilikuwa imeshapita. Akavaa hedifoni, akaingia kwenye gemu, na mtu wake wa kwenye skrini akaenda moja kwa moja kugonga ukuta.

"Dada?" Sauti ilikuwa karibu mno. "Ni wewe huyo unayegonga ukuta?"

"Ni mimi. Unatokaje hapa?"

Mdogo wake akacheka, kicheko kirefu ambacho Mama Futi hakuwa amekisikia tangu aondoke. "Rudi nyuma kidogo. Sasa kulia. Kulia, dada, hiyo ni kushoto." Kwenye hedifoni vitufe vyake vilisikika vikigongwa haraka haraka. "Wenzangu nimewaambia wakusubiri. Haya, twende pole pole. Dada, kazi waliniachisha. Huu mwezi wa pili. Nilikuwa nalala kwa rafiki, sasa naye anahama."

Miezi miwili ya poa! Miezi miwili ya inaenda na nakula! Mama Futi alitaka kupiga kelele, alitaka kuvua hedifoni azirushe, alitaka kuuliza maswali ishirini kwa pamoja. Mlangoni Bwana Geti alisimama na mfuniko mkononi, akiuliza kwa ishara kama afunge. Mkewe akamtolea jicho, na mfuniko ukashuka.

Kisha akamrudisha mtu wake pale pale ukutani, akaendelea kubonyeza.

"Nimekwama tena, mdogo wangu," alisema. "Nielekeze. Na ulikuwa unasema nini?"