Nililipwa Kucheka Ukumbini

Kazi ya mwisho niliyoajiriwa maishani mwangu ilikuwa kucheka.

Usidhani natania. Nilikuwa na miaka sitini na moja, nalipwa kila wiki, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti na kucheka.

Nianze mwanzo.

Nilikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa. Miaka thelathini na moja, "subiri nikuunganishe." Wakaleta mitambo inayojiunganisha yenyewe, nikapewa barua, keki na saa ya ukutani, nikarudi nyumbani.

Mume wangu akafariki mwaka uliofuata. Binti yetu wa pekee anaishi nchi za mbali, anapiga simu Jumapili akiwa anapika, kwa hiyo nusu ya mazungumzo yetu ni sufuria.

Watu husema upweke ni kulia. Hapana, mwenzangu. Upweke ni kwenda dukani kununua kiberiti wakati ndani unacho, ili tu mtu akuulize, "Kingine?"

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno. Baba mmoja mbele yangu alipitiwa na usingizi, akawa anakoroma taratibu. Mhudumu akaita jina lake. Yule baba akakurupuka, akasema kwa sauti nzito, "Shusha hapa, dereva."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sijui kicheko kile kilikuwa kimekaa wapi siku zote hizo.

Nilipotoka, kijana mmoja mwembamba, funguo nyingi shingoni, akanifuata mpaka getini. Akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa muda mrefu.

"Mama, jioni huwa unafanya nini?"

Nikamdanganya kwamba nina mambo mengi.

Basi bwana, akajieleza. Alikuwa meneja wa ukumbi wa maigizo, lile jengo la zamani nyuma ya posta. Walikuwa na mchezo mpya, na watazamaji wanaona aibu kucheka. Alitaka mtu wa kuwafungulia njia. Jioni tatu kwa wiki, Alhamisi mpaka Jumamosi. Nikae safu ya tatu, pembeni. Nicheke panapochekesha, nipige makofi taa zikizimwa.

Masharti yalikuwa mawili. Nisimwambie mtu yeyote. Na nisizoeane na watazamaji wengine, maana wakinijua siri itatoka.

Sharti la pili lilinichekesha kimoyomoyo. Nizoeane na nani, mimi?

Nikakubali.

Mchezo ulikuwa wa watu wawili tu: mzee mmoja na binti yake. Binti anataka baba ahamie kwake, baba hataki kuiacha nyumba. Sehemu ya pili, binti ameondoka, mzee anaandaa meza. Anaweka sahani mbili. Moja yake, moja ya mke wake aliyekwisha kufa. Halafu anaanza kugombana na ile sahani, eti chakula hakina chumvi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kucheka.

Na nilicheka. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Kazi ni kazi.

Wiki ya tatu, yule mwigizaji akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya. Alilalamika kuhusu chumvi, kisha akanyamaza, akaitazama ile sahani, akangoja. Alingoja kabisa, kama mtu anayejua atajibiwa.

Mimi na mume wangu tuligombana miaka yote kuhusu dirisha la chumbani. Yeye alitaka liwe wazi, mimi baridi inanila mifupa. Amekufa, dirisha sasa ni langu. Na mpaka leo naliacha wazi.

Kicheko kikagoma. Nikalia, kimya, leso mdomoni.

Baadaye nilimfuata Meneja nikamwambia anikate malipo ya siku ile, kwa sababu hakuniajiri kulia. Aliangalia chini. Akasema nisijali, hiyo ilikuwa ya bure.

Nikawa naisubiri Alhamisi kama mtoto anavyosubiri likizo. Napiga pasi gauni tangu Jumatano.

Lakini kuna jambo lilinisumbua. Wale watazamaji wengine.

Hatukuzidi watu ishirini na watatu, na wengi walikuwa sura zilezile. Palikuwa na mzee mmoja wa kofia, safu ya mbele, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama mwishoni. Palikuwa na nesi aliyevaa sweta juu ya sare yake, analia kila siku bila kukosa. Nyuma kabisa alikaa jitu la ndevu, na kikohozi kisichopona.

Kila mmoja alikaa peke yake, viti vinne au vitano katikati yetu.

Niliwaonea haya. Wao, nilijiambia, wametoa fedha zao kwa kupenda sanaa. Mimi ni tapeli niliyekodishwa. Mzee wa kofia aliwahi kugeuka akanitabasamia, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mara moja nesi aliniachia mlango nipite, tukatazamana, kila mtu akameza maneno yake.

Miezi mitatu hivyo. Nilijua kikohozi cha Ndevu kuliko nilivyojua sauti ya jirani yangu, na sikuwahi kumwambia habari za jioni.

Kisha Jumatano moja Meneja akanipigia simu. Akasema kesho nisije, fungu la malipo limekwisha. Mchezo ulikuwa umebakiza siku sita, utamaliziwa hivyohivyo. Akanishukuru sana.

Nikamuuliza sasa nani atacheka. Nikajijibu mwenyewe, nikasema afadhali wale watazamaji wengine wapo.

Nikasikia funguo za Meneja zikigongana. Kisha akasema ndiyo, wapo.

Alhamisi nilikaa nyumbani. Ilipofika saa kumi na mbili na robo nikajua sasa binti anaingia na mizigo. Saa moja nikajua mzee anatoa sahani kabatini. Nilikaa jikoni kwangu nikiufuata mchezo wote kichwani, mpaka makofi.

Ijumaa nikasema potelea mbali. Nitakwenda na fedha yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mimi siku zote niliingia kwa mlango wa pembeni, aliokuwa ananifungulia Meneja. Dirisha la tiketi sikuwahi kulisogelea. Nikafika, nikakuta foleni ndogo. Mbele yangu alikuwa mzee wa kofia.

Akainama kwenye kidirisha, akamuuliza yule binti wa tiketi kwa sauti ya chini:

"Samahani, mwanangu. Kuingia hapa ni bei gani?"

Nikashangaa. Mtu amekuja miezi mitatu mfululizo, hajui bei?

Nikajiambia labda alikuwa ananunuliwa tiketi na watoto wake. Kabla sijamaliza wazo hilo, mtu akanigusa bega kwa nyuma. Alikuwa nesi.

"Mama, samahani, hapa unalipa kwanza ndipo unaingia?"

Nikaurudisha mkoba kwapani.

Nikamtazama. Nikamuuliza polepole, "Na wewe ulikuwa unalipwa?"

Akazungusha macho kuhakikisha hakuna anayesikia. "Kulia," akasema. "Mimi nililipwa kulia mwishoni, binti anaporudi. Ila pale kwenye zile sahani, pale nilikuwa nalia mwenyewe."

Mzee wa kofia alikuwa amegeuka. Yeye alilipwa kusimama wa kwanza. Akasema goti lilimsumbua lakini hakukosa hata siku moja.

Na Ndevu, aliyekuwa amefika bila sisi kumwona, akavua kofia yake ya sufu akakiri kwamba alilipwa kukohoa. Meneja alimwambia ukumbi usiokohoa unatisha.

Tulicheka pale kwenye foleni mpaka binti wa tiketi akatoa kichwa nje.

Meneja akatoka. Alipotuona tumesimama pamoja, alijua. Akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyefumaniwa.

Akasema ukweli wote. Kati ya watu ishirini na watatu, kumi na tisa walikuwa wake. Alitumia akiba yake mwenyewe, akiamini watu halisi wangekuja wakisikia ukumbi unachangamka. Mwigizaji, alisema, hawezi kuviigizia viti.

Nesi akamuuliza kwa nini alituchagua sisi.

Hapo alishindwa kututazama.

"Niliwatafuta watu ambao jioni hawana wa kuwauliza wako wapi," akasema. "Nilijua hao watakuja kila siku. Mnisamehe."

Ilikuwa kweli, na kweli ya namna ile haina pa kuishika. Mwishowe mzee wa kofia akamwambia, "Haya, fungua mlango, mchezo usichelewe."

Siku ile tulikuwa kumi na wanne. Hatukuambizana, lakini tulikaa safu moja.

Tulicheka pasipotarajiwa. Makofi yalichelewa. Mzee wa jukwaani alipoingojea ile sahani ijibu, hakuna aliyekohoa. Baadaye Meneja alituambia mwigizaji yule, ambaye hakuwahi kujua lolote, alirudi chumba cha kubadilishia nguo akasema: "Leo watu walikuwa wachache, lakini walikuwepo."

Ningependa kukuambia ukumbi uliokoka. Haukuokoka. Siku ya sita ilipokwisha ulifungwa, na leo wanahifadhi vigae mle ndani.

Lakini sisi hatukufungwa. Tulianza kukutana kwa nesi, siku zake za mapumziko. Ndevu akaja na gitaa, kumbe anapiga vizuri kuliko anavyokohoa. Meneja naye huja, analeta sukari kama mtu anayelipa fidia.

Mwaka huu mzee wa kofia alifariki. Wanawe watatu walisafiri kuja kumzika, wakiwa na hofu kwamba baba yao alikuwa hana mtu, watazika watatu na wachimba kaburi. Wakatukuta kumi na sita tumefika kabla yao, Ndevu na gitaa lake.

Mwanawe mkubwa akatuuliza kwa upole sisi ni nani kwa marehemu.

Tukatazamana. Si ndugu, si majirani, hatukufanya naye kazi.

Nesi ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tunatazama naye."

Yule mwana alifikiri kidogo, kisha akatusogezea viti vya mbele, wanakokaa ndugu.

Watu huniambia maigizo na muziki ni mambo ya walioshiba, kwanza hospitali, kwanza barabara. Sibishani nao, hospitali nazihitaji. Ninachokijua ni kwamba watu mnaweza kupita barabara moja miaka ishirini bila kusalimiana. Lakini mkikaa gizani mkaguswa na jambo moja kwa wakati mmoja, ni vigumu sana kesho yake kujifanya hamjuani.

Kama kwenu bado upo ukumbi, nenda. Lipa tiketi yako. Na ukimwona mtu amekaa peke yake, usimwachie viti vitano. Kimoja kinatosha kuweka mkoba.