Mudrick na Brauza ya Ukoo Mwingine

Mudrick ana miaka hamsini na sita na hajawahi kuamini kitu alichokiona mara moja. Daktari akimwambia ana presha, atakwenda kwa mwingine apimwe upya. Mke wake, Rukia, alinisimulia mbele yake, "Huyu siku ya ndoa alimuuliza shehe mara mbili kama kweli nimekubali." Mudrick akajibu, "Na mara ya pili ndiyo tulikusikia."

Ni mtu wa Chang'ombe, hapahapa Dodoma mjini. Babu zake walikuja na misafara ya biashara wakasahau kuondoka. Alianza kwa kutengeneza taipureta za maofisini. Taipureta zilipokufa akahamia kwenye printa, kisha kompyuta. Miaka minne iliyopita nilimpangisha kona ya steshenari yangu, karibu na Chimwaga. Mimi natoa kopi, najaza fomu za mtandaoni na kusema sana. Yeye anafungua mashine za watu na kunyamaza. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa fomu nilizojaza maprofesa hawanifikii.

Tulichogombania ni brauza, hiyo programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Kompyuta yake ilikuwa na brauza ambayo mtaa mzima hauitumii. Kila nikimaliza fomu ya mtu, anataka aifungue na kwake.

"Ya nini, Mudrick?"

"Niione kwa jicho jingine."

Nikampa jina la Macho Manne, wateja wakalipokea kwa furaha.

Siku moja nikamwambia ninavyoona mimi. Kila brauza ina injini ndani yake, ambayo inasoma maandishi ya mafundi na kuyachora yawe ukurasa. Sasa injini hazifanani, na ukurasa unaoonekana vizuri huku unavurugika kule. Kwa nini zote zisiwe na injini moja tukapumzika?

"Pale sokoni Kibaigwa," nikasema, "kila dalali wa mahindi akija na mzani wake si vita?"

"Ni kweli, mafundi wangepunguziwa kazi," akasema. "Lakini mzani huo mmoja ukiharibika, Mama Elieth, utajua kwa kupimia wapi?"

"Nitaona kwa macho."

"Macho hayapimi gunia."

Wateja wakacheka. Sipendi kuchekwa dukani kwangu, na nadhani kiburi kiliniingia kuanzia hapo.

Ndipo akaja Hana, binti kutoka kijiji cha Mvumi. Baba yake, Anthony, mkulima wa alizeti, alikuwa amekubali asome uuguzi kwa sharti moja tu: alale bwenini. Chumba cha kupanga mtaani hakutaka hata kukisikia. Bila kitanda cha bweni, hakuna chuo.

Nilimjazia fomu ya chuo kimoja cha binafsi upande wa Msalato. Nilipofika mwisho akasema taratibu, "Samahani mama, bado kisanduku cha kuomba bweni. Jana nilikiona kwenye kompyuta ya Mzee Mudrick, alipokuwa ananionyesha sifa za kujiunga."

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu kama kumi. Nikamgeukia.

"Leo umekuja kunifundisha kazi?"

Nikaifungua fomu ileile kwenye brauza ya pili. Kisanduku hakuna. Nikafungua ya tatu. Hakuna.

"Haya, mashahidi watatu hao! Mwenzetu ameota bweni. Na godoro uliliota, au ulilala chini?"

Foleni nzima ikacheka. Hana akainamisha kichwa.

Mudrick akaacha kazi yake. "Mama Elieth, hizo tatu zinatofautiana majina tu, injini yao ni moja. Ni watoto wa mama mmoja, lazima waseme neno moja. Ya kwangu ni ya ukoo mwingine. Njoo uangalie."

Zilikuwa hatua tatu. Sikwenda.

"Macho Manne, tengeneza printa ya watu." Nikabonyeza kitufe cha kutuma.

Baada ya wiki tatu majibu yakatoka. Hana amechaguliwa, mwanafunzi wa kutwa. Bweni halikuombwa. Anthony akaja naye dukani, kofia mkononi, akanisalimu kwa adabu na kuniuliza imekuwaje.

Hapa ningeweza kuruka, maana wengi hawakijui nilichosema. Nilisema, "Binti yako hakuniambia kama anataka bweni."

Hana akanitazama. Hakulelewa kubishana na mtu mzima mbele ya baba yake. Anthony akamgeukia.

"Kumbe ulikuwa unataka chumba chako mtaani. Basi, turudi shambani."

Wakatoka. Mudrick alikuwa amesikia yote, bisibisi mkononi. Ningefurahi angenisuta, nikapata wa kugombana naye. Hakunisuta. Aliifungua ile fomu, maana bado ilikuwa wazi kwa kuangaliwa, akaichapa kutoka kwenye brauza yake. Akaja kwenye mashine yangu, akaichapa tena. Akaniwekea karatasi mbili mezani. Kwenye yake, kisanduku cha bweni kilikuwa pembeni kabisa. Kwenye yangu, nembo ya chuo ilikuwa imekikalia.

"Wamekosea wao!" nikasema upesi. "Aliyetengeneza huu ukurasa ndiye kauharibu."

"Ukurasa wamekosea wao," akasema Mudrick. "Gari la Mvumi halijaondoka."

Nikaenda stendi. Watu walioniona wanasema nilitembea kama mgonjwa. Nikawakuta wamekaa kwenye benchi, baba huku, binti kule, katikati mfuko wa nguo. Nikasimama mbele yao. Nikamwambia Anthony kwamba binti yake alikitaja kisanduku cha bweni, akaniambia alikokiona, nikamfanya kichekesho, kisha nikamsingizia.

Anthony akamtazama binti yake, kisha mimi.

"Kwa hiyo mtoto hakudanganya?"

"Hakudanganya. Nimedanganya mimi."

Hakunitukana. Alichukua ule mfuko akauweka chini, akasogea karibu na mwanawe, akamwambia maneno machache kwa Kigogo ambayo hayakunihusu.

Kesho yake tukaenda chuoni, mimi, Hana na baba yake, Mudrick akiwa na karatasi zake ndani ya bahasha. Karani wa udahili akazilinganisha, akakuna kichwa. Vitanda vilikuwa vimebaki viwili. Alitaka barua ya aliyejaza fomu, aeleze kilichotokea.

Nikakaa nje kwenye kiti, nikaandika: *Kulitokea tatizo la mtandao.* Mudrick akaisoma, akairudia, akampa Hana. Hana akasoma.

"Mama," akasema, macho chini, "andika kwamba nilikuambia."

Nikaandika.

"Andika na kwamba walicheka."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo halikihusu chuo, na kweli halikihusu. Lilikuwa linamhusu yeye. Nikaandika kwamba niliwachekesha watu kwa kumdhihaki, na kwamba fundi aliniita nione kwa macho yangu, nikakataa kupiga hatua tatu.

Yule karani ana tabia ya kusoma kwa sauti. Ofisi ilikuwa imejaa wazazi na watoto wao. Alipofika kwenye kicheko akasita, akanitazama juu ya miwani.

"Soma tu," nikamwambia.

Akasoma mpaka jina langu. Mama mmoja nyuma yangu akaguna. Karani akagonga muhuri, akaandika namba ya kitanda kwenye kikaratasi, akampa Hana.

Hana alikikunja mara nne, akampa Mudrick mkono huku amekunja magoti kwa heshima. "Asante sana, baba." Kwangu alisema, "Kwaheri, mama," kama anavyomuaga muuza duka yeyote, akatoka kumfuata baba yake.

Nikaitikia. Sikuwa na haki ya kudai zaidi ya hapo.