Maji ya Ukuta wa Kushoto

Anayesema nimetunga, aje kwangu nyuma ya soko la Otonglo aguse ukuta kwa mkono wake. Shule niliacha darasa la tatu, kutunga sijui. Najua kupaka rangi kidogo, na hiyo ndiyo iliniponza. Tena msifikiri ilikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, mvua imenyesha ikachoka, na bata wa jirani wanatembea uani.

Nyumba yangu ni ya udongo. Aliyeikanda na kuisiriba ni marehemu mke wangu, Mama Atieno, akachora kwa vidole ile michoro ya upinde upinde ambayo wanawake wetu huchora. Kidole gumba chake kilipinda nje, mlango ulikibana akiwa msichana, kwa hiyo kila upinde wake ulianza na kijimkia. Alipofariki tulimzika upande wa kushoto wa nyumba, hatua mbili kutoka ukutani, vile desturi yetu inataka. Nikajengea kaburi simiti. Simiti ikabaki, na nani hutupa simiti? Nikapiga plasta ukutani, juu ya michoro yake, halafu rangi ya mafuta inayong'aa. Nilijiona mwanamume kweli.

Basi miaka ikapita, Atieno akapata mchumba, kijana wa Sondu. Wazee wake wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi. Na ukuta wa kushoto, hapo hapo sebuleni wanapokaa wageni, ukaota malengelenge. Yawa! Makubwa kama mayai. Nilitoboa moja na msumari, likatoka maji ya manjano, yananuka kama dagaa wa omena waliosahauliwa kwenye gunia. Pembeni kulikuwa na unga mweupe. Fundi mmoja wa zamani alinifundisha kwamba unga kama huo unauonja ujue kama ni chumvi. Nikalamba kidole. Nilikuwa peke yangu, kumbukeni hapo. Chumvi ilikuwemo, na kitu kingine kama kutu.

Nikaenda kwa Mama Wanjiku, anayeuza rangi na misumari hapo barabarani.

"Mzee, kwangua yote," akasema. "Utafute maji yanatoka wapi, uyazuie, ukuta ukauke wiki mbili. Ndio upake."

"Wiki mbili? Wakwe wanakuja Jumamosi!"

"Basi paka wakwe."

Watu wote dukani wakanicheka. Kwa hasira nikanunua mkebe wa rangi ya maziwa, nikapaka juu ya malengelenge vile vile. Hiyo ni Jumatano. Alhamisi asubuhi yalikuwa yamerudi, sasa kama ngumi. Atieno akasimama mlangoni ameshika pua.

"Baba, watu watakula hapa kweli? Mama yake akisikia hii harufu atasema nini juu yangu?"

Nikamwambia aende sokoni anunue mchele, mambo ya ukuta aniachie mimi. Nikapaka tena.

Ndipo nikasikia hodi. Mwanamke mzee, leso kichwani, miguu mitupu yenye matope mpaka magotini. Sura yake siijui.

"Nimesikia ukuta wako ni mgonjwa."

Nikadhani Mama Wanjiku amenitumia mtu. Nikampa kikwaruzo, akakiweka kwenye kiti. Alitumia kucha. Alishika lengelenge kubwa, akavuta rangi polepole, ikatoka kama ile ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Akaitia mdomoni. Akatafuna. Niaminini, nilisikia meno yakisaga. Maji ya manjano yakamtoka kidevuni, naye akavuta nyingine, akameza, akapangusa ukuta kwa kiganja na kukilamba.

"Mama, hiyo ni sumu!"

"Na wewe jana ulilamba nini?"

Nywele zilinisimama. Nani alimwambia?

"Rangi haina makosa, Baba Atieno," akasema akitafuna. "Umefunika maji. Nenda nje uone simiti yako imelalia wapi."

Nikatoka. Afadhali nitoke kuliko kuendelea kutazama ule mdomo. Nje nikaona. Lile kaburi lilikuwa limetitia upande mmoja, simiti yote imeinamia nyumba. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwenye ufa wa juu, yanatokea chini upande wa pili, mazito, ya manjano, yanaenda taratibu mpaka mguuni pa ukuta wangu. Yanapita kwa mke wangu kwanza, halafu yanapanda sebuleni. Na mimi niliyaonja. Nilishika mti wa mpapai nikatapika mpaka bata wakakimbia.

Niliporudi ndani, hakuna mtu. Kikwaruzo kiko kitini, kikavu. Chini hapakuwa na kipande cha rangi wala cha plasta, hata kimoja. Vyote vilikwenda wapi? Mnajua. Ukuta ulikuwa udongo mtupu kutoka sakafuni mpaka kifuani, umesiribwa upya, mbichi, una michoro ya upinde. Na kila upinde ulianza na kijimkia.

Atieno akaingia, mchele ukamponyoka.

"Nani ameweka mkono wa Mama hapa?"

Nilimweleza yote. Hakulia. Alichukua jembe. Tulichimba mtaro siku ile na kesho yake, tukavunja simiti ya kaburi, tukaijenga upya iinamie bondeni. Ukuta hatukuugusa.

Jumamosi wageni walikaa wakiutazama. Harufu haikuwepo tena. Mama wa kijana akauliza, "Tuliambiwa nyumba hii haina mama. Nani amesiriba vizuri hivi?"

"Mama," Atieno akajibu, akaendelea kupakua wali.

Leo yuko Sondu, ana watoto. Mama Wanjiku anaapa hakutuma mtu. Mimi maziwa yenye ngozi siwezi hata kuyatazama, na mvua ikianza kunyesha, ile ladha ya kutu hurudi ulimini, nitafune hata kitunguu kizima. Naona nitaenda nayo kaburini.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, ukuta wako ukivimba, usikimbilie brashi. Toka nje kwanza, ufuate maji mpaka mwanzo wake. Na kabla hujajua yamepita kwa nani, kidole kisifike mdomoni.