Petroli ya Umma Haichachi

Lori la kijiji chetu cha ujamaa, huku Kilosa, liliegeshwa mwaka mzima likimsubiri mgeni rasmi aje kulizindua. Siku alipofika na kupanda, likakataa kuwaka. Fundi akafungua tangi, akanusa, akakunja uso.

"Ndugu Mwenyekiti, petroli imechacha. Tuimwage, tutie mpya."

Mwenyekiti akaziba mdomo wa tangi kwa kiganja. "Kumwaga mali ya umma ni hujuma, ndugu! Kinachochacha ni togwa. Hii ni petroli ya serikali."

Basi tukalisukuma, jasho likitutiririka, mpaka likakata utepe.

"Huu ndio ujamaa, ndugu zangu," mgeni rasmi akatupongeza. "Sote tunasukuma!"

Sikubisha. Ila maneno hayo aliyasema kupitia dirishani, ameketi kando ya dereva.