Chumba cha Kuku Wasiochanjwa

Kuku wazima hawanyamazi. Hata wakitulia, kuna ule mlio wao mdogo wa kooni, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Hapa London ninafanya kazi katika maabara inayotafuta chanjo ya homa ya matumbo ya kuku, na kusikiliza mlio huo ni sehemu ya kazi. Lakini niliujua tangu utotoni Morogoro, ambako baba alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba.

Jaribio ninalolikumbuka lilikuwa la vyumba viwili. Kuku wa chumba cha kwanza tuliwapa chanjo: bakteria wale wale wa ugonjwa, ila wamedhoofishwa wasiweze kuua. Wa chumba cha pili hatukuwapa kitu, kwa sababu bila wao tusingejua kama chanjo inafanya kazi. Kisha tukawaambukiza wote ugonjwa wenyewe. Mimi ndiye niliyewanywesha bakteria hao, mmoja mmoja, nimewapakata. Kuku mmoja wa chumba cha pili alikuwa na tabia ya kudonoa zipu ya ovaroli yangu. Siku ile pia aliidonoa.

Siku chache baadaye niliingia asubuhi. Nilipofungua mlango wa kwanza walinipokea kwa kelele. Nikafungua wa pili. Kimya. Walikuwa hai, lakini wamejikunyata, manyoya yametimka, panga zao nyekundu za vichwani zimepauka. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Nikamhisi baba nyuma yangu. Alikuwa ameshafariki zamani, na mimi si mtu wa kuona vitu visivyopo. Lakini nilijua yupo pale mlangoni, kama alivyosimama asubuhi ile banda letu liliponyamaza, ndoo ya pumba mkononi, hataki kuingia. Nilikuwa mdogo. Nilimuuliza kama kuku wamelala. Akaiweka ndoo chini.

"Uko sawa?" aliniuliza daktari wa mifugo, bosi wangu, Mwingereza mmoja mpole. "Hawa wamefika mwisho. Hatutawaacha wateseke. Unaweza kusubiri nje."

"Nitawashika," nikamwambia.

Nikawashika wote, naye akawachoma sindano. Yule wa zipu alikuwa mwepesi kama amebaki manyoya matupu. Niliendelea kumshika hata baada ya bosi kuniambia tayari.

Wa chumba cha kwanza hawakuugua. Wenzangu walikumbatiana koridoni, na mimi nikakumbatiwa. Jioni nilishuka treni Walthamstow, ninakoishi, nikakatiza sokoni. Wauza matunda na nguo walikuwa wanaita wateja, nami nikawa naona midomo yao inafunguka tu.

Nyumbani nilimpigia mama simu.

"Imefanya kazi," nikamwambia.

"Mungu ni mwema, mwanangu. Hiyo ingewaponya wale wa baba yako?"

"Kuponya hapana. Ila kama wangechanjwa mapema, ingewakinga."

Nilimsikia mama akivuta kiti. "Baada ya kuwafukia," akasema, "baba yako aliendelea kujaza maji kwenye vyombo vyao. Kila asubuhi. Banda tupu. Nilimwacha. Ningemwambia nini?"

Habari ya maji hayo nilikuwa sijui. Miaka yote ile sikujua.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alikuwa amekaa kwenye kochi akisikiliza. Anaelewa Kiswahili, ila hujibu kwa Kiingereza. Nilipokata simu aliniuliza hao kuku waliopona wako wapi.

"Bado wapo," nikasema. "Wiki ijayo nao tutawaua. Lazima tuwapasue, tuangalie maini yao, tujue kama bakteria wamejificha humo."

Akanitazama. Kisha akasema, kwa Kiingereza, polepole, kwamba basi hakuna aliyepona. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Tuliwaua, kama nilivyomwambia. Maini yalikuwa safi. Chanjo imeingia hatua nyingine ya majaribio, na ikifanikiwa kuna wafugaji, pengine hata mtaani kwetu, ambao wataamka na kukuta banda zima linawapigia kelele. Najua ni kazi njema, na bado naifanya. Ila siku hizi huanza kuongea na kuku nikiwa bado koridoni, kwa sauti, kwa Kiswahili, nikisubiri wanijibu kabla sijashika kitasa. Wenzangu wanadhani nawapenda sana.