Mikro ya Maman Umwali

Ukisema Maman Umwali hajui Kiswahili, usiseme mbele yangu. Nauzaka viatu karibu naye pa soko la Kamembe, huku Rwanda, na juu ya hayo maneno nimeshagombana na bantu wengi.

Yeye anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya daraja, kule Congo, akarudi huku mtu mzima. Kila asubuhi njo anashikaka mikro ya soko, anaita wateja wenye wanavuka daraja: "Bamama, bapapa, sambaza iko, mchele ya Bugarama iko, donc mutu asirudie na kikapu mutupu." Juu ya ile kazi walimupa meza pa mlango. Bila mikro angerudi kule pembeni ya choo, fasi wateja hawafikaka.

Kisha tukaletewa mkubwa mupya wa soko, Kamali. Alisoma Tanzania. Kila "bamama" ilimuuma kama jino.

"Mama, sema 'akina mama'. Na hiyo donc ya Kifaransa ni ya nini? Si useme 'kwa hiyo'?"

"Shefu, donc ni donc."

"Usipojirekebisha, mikro nitampa mwingine. Na meza pia."

Nikasimama na kiatu mukononi. Maman Umwali akaniangalia. "We, kaa. Hii vita ni yangu."

Siku ya soko kubwa akasema vile alifundishwa, pole pole, sauti kavu: "Ndugu wafanyabiashara na wateja, mnaombwa kusikiliza kwa makini..."

Kwetu huku, Kiswahili ya namna ile tunaisikiaka tu wakubwa wa serikali wakikuja kukamata vitu vyetu. Hakuna mwenye alingoja mwisho. Bamama ba Bukavu wakabeba mabeseni, wakashika barabara ya daraja. Hata mimi nilificha viatu chini ya meza, na nilikuwa namuona Maman Umwali mwenyewe anaongea.

Kamali akawakimbilia. "Tafadhali msiwe na hofu, ni tangazo la kawaida." Hapo njo wakaongeza mbio.

Akarudi anahema. "Mama, waite."

"Namna gani?"

"Unavyojua wewe."

"Na meza?"

"Yako."

"Sema tena, huyu wa viatu asikie."

Akasema. Maman Umwali akainua mikro.

"Weh bamama, munakimbia nani? Ni mie, Maman Umwali. Rudini, hakuna mutu anakamata kitu."

Wa kwanza kugeuka alicheka mpaka akatua beseni chini, katikati ya barabara.

Kamali bado anamukosoa kila siku. Yeye anamujibu, "Ndiyo, shefu," huku mikro iko kwapani.